La usurpadora ya 2019: novela si mbaya, tangazo ndilo la uongo

Hapa Lubumbashi tangazo la La usurpadora, novela ya Meksiko kuhusu mapacha wanaobadilishana nafasi, lilizunguka wiki nzima kwenye kituo kimoja cha dekoda: "Imerudi!" Mapacha wawili uso kwa uso, na katikati vipande vya zamani vya Gabriela Spanic, aliyewacheza mapacha hao katika toleo la 1998. Mwaka haukutajwa, wala idadi ya epizodi, wala jina la mwigizaji mpya. Watu wakalipa abonema ya miezi mitatu wakingojea ukoo wa Bracho, familia ya toleo hilo la zamani. Nimeitazama yote hadi mwisho, na nasema wazi kwamba walidanganywa.

Kilichorushwa ni toleo la 2019, na Sandra Echeverría ndiye anayecheza Paola na Paulina. Katika ile ya 1998, Paola ni mke wa tajiri, naye amechoshwa na ndoa. Anamsingizia Paulina wizi ili amlazimishe kukaa nyumbani kwake mwaka mzima. Utamu wote uko humo ndani ya nyumba: watoto, bibi mlevi, kiwanda cha keramiki kinachofilisika na Paulina akikifufua polepole. Katika hii mpya Paola ni mke wa Rais wa Meksiko, naye anataka pacha wake auawe ili yeye atoweke akiwa huru. Ni hadithi ya siasa na upelelezi. Inakwenda mbio, Echeverría anawatenganisha mapacha vizuri kwa sauti na mwendo, na ningeisifu zaidi kama ingeuzwa kwa sura yake yenyewe.

Urefu ndio unaouma mfukoni. Ya zamani inazidi epizodi 100; ikionyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa inajaza karibu miezi mitano. Hii ina 25, yaani wiki tano tu. Aliyelipa miezi mitatu kwa ajili yake peke yake amebaki na karibu miezi miwili ya kutazama marudio.

Televisa yenyewe, kampuni ya televisheni ya Meksiko iliyoitengeneza, haikuficha. Tangu 2018 ilitangaza mradi wa Fábrica de sueños, wa kutengeneza upya novela zake maarufu kwa ufupi. Cuna de lobos na Rubí zimo. Na wanaosema kurudia hadithi ni kuiharibu wakumbuke kwamba hata ya 1998 si ya kwanza: Venezuela iliitoa mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo kosa liko kwenye tangazo, lililokopa uso wa Spanic kuuza kazi ambayo yeye hayumo.

Kabla ya kulipa, tazama umbo la picha. Novela ya 1998 ilipigwa kwa picha ya karibu mraba, kwa hiyo kwenye skrini pana huacha mistari myeusi pembeni, au watu wanaonekana wamevutwa wakanenepa. Picha ikijaa skrini vizuri, shuku. Kwa wanaonunua kwenye flashi, hesabu faili, kisha fungua moja ya katikati uone dakika zake: wapo wanaokata kila epizodi vipande viwili ili 25 zionekane 50, na kipande cha pili huanza ghafla bila jeneriki, yaani ile sehemu ya mwanzo yenye majina ya waigizaji.

Tena usimuulize muuzaji kama ni ile ya zamani, maana atakubali tu. Muulize mume wa Paola anaitwa nani: Carlos Daniel Bracho au Carlos Bernal?