Tiketi za Mji Mkongwe: ununue wapi, kwa nani na saa ngapi

Shangazi yangu aliteremka bandarini Malindi kutoka Dar, na kabla sijamfikia kumpokea begi alikuwa ameshalipia "ziara kamili". Papasi alimuwahi. Papasi ni kupe, na ndivyo tunavyowaita vijana wanaowaganda wageni. Kwenye karatasi aliyopewa, la kwanza lilikuwa Beit al Ajaib. Jumba hilo la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, kwa hiyo shangazi alilitazama kutoka nje ya uzio. Pesa yake haikurudi.

Tangu siku hiyo wageni wangu nawapangia mwenyewe. Naanza na njia ninayoipenda, namalizia na ile ninayoikataa.

Ya kwanza: lipa mlangoni, lakini uwahi. Foleni ya Unguja si ya dirishani. Kukata tiketi ni jambo la dakika chache. Kinachokwamisha ni makundi. Boti ya asubuhi kutoka Dar hutumia kama saa mbili baharini, magari ya hoteli za Nungwi na Paje nayo yanaingia mjini wakati huohuo, na wote hao safari yao ni moja: Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana vile vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa walifungiwa watumwa havina nafasi. Dari iko chini, mtu anainama, na kundi la watu ishirini likishaingia husikii tena unachoelezwa. Kwa hiyo fika mlango unapofunguliwa, au subiri mpaka saa tisa alasiri.

Na kama fedha yako inatosha tiketi moja tu, iwe hii. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa palepale, chini ya Askofu Edward Steere. Madhabahu, kwa maelezo ya wenyeji, imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia. Uani kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Nimepeleka wageni wengi pale, na bado sijaona aliyepiga picha akicheka. Tenga saa nzima na ushei. Jumapili asubuhi watu wako ibadani, chagua siku nyingine. Ukipewa mtu wa kukuongoza ndani, muulize palepale kama ujira wake umo kwenye tiketi, maana hapo ndipo watu hununiana mwishoni.

Jambo jingine ni kitambulisho. Bei ya mwananchi na bei ya mgeni wa nje haziko karibu hata kidogo. Binamu yangu aliacha cha NIDA hotelini, akaanza kubishana kwa Kiswahili fasaha kabisa. Kiswahili hakikumsaidia, alirudi kukifuata.

Ya pili: mwongoza watalii mwenye leseni, tiketi ukate mwenyewe. Mlipe muda wake na miguu yake, lakini pesa za viingilio zibaki mfukoni mwako. Leseni hutolewa na Kamisheni ya Utalii. Mwenye nayo haoni haya kuionyesha. Patana kabla hamjapiga hatua. Faida yake utaiona kwenye vichochoro, hasa Hurumzi, kwenye makumbusho madogo ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka Unguja 1866 na baadaye kuitwa Emily Ruete. Bila msimulizi utaona picha na nguo, utatoka.

Ya tatu: boti ya kisiwa cha Changuu, kwa kuchangiana. Hapa kuna malipo mawili: ya boti na ya kuingia kisiwani. Nahodha akikutajia bei, muulize: ni ya kwenda na kurudi? Kiingilio kimo? Boti hukodiwa nzima, hivyo familia mbili zikikutana ufukweni Forodhani zinagawana. Ondokeni asubuhi, kabla upepo haujapanda. Kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 wanatosha kuwashughulisha watoto, na gereza la 1893 halikuwahi kufunga wafungwa. Likaja kuwa karantini.

Ya nne: kununua mapema kwa simu. Kwa makumbusho sioni haja. Hata ile ya Freddie Mercury pale Shangani, iliyofunguliwa 2019, unapita tu ukalipa. Ni ndogo, na kama nyimbo zake hukuzikulia, ipite. Isipokuwa tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari: hiyo ununue mapema, na chumba cha kulala vilevile.

Ya mwisho: kifurushi cha bandarini. Shangazi ameshakieleza.

Zingatia pia kwamba si kila mlango unalipiwa. Ngome Kongwe mchana unaingia bure, nayo ina kivuli kizuri saa ambazo Mkunazini pamejaa. Soko la Darajani halina tiketi. Jioni mtaishia Forodhani kwa urojo na mishikaki, na pale hakuna foleni ya kuogopa, ila bei uiulize kabla mshikaki haujawekwa motoni.