Mapitio ya phpMyAdmin: kufuli ipi inafunga kweli, na ipi imewahi kurukwa

phpMyAdmin ni programu ya bure ya kusimamia hifadhidata za MySQL na MariaDB kupitia kivinjari. Ipo tangu 1998, na kwa kazi yenyewe inastahili sifa zake: kuunda jedwali, kuingiza faili ya SQL, kutoa nakala rudufu au kusahihisha rekodi moja iliyokosewa ni suala la mibofyo michache. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu, mlango wake.

La kuelewa kwanza ni kwamba phpMyAdmin haina watumiaji wake yenyewe. Jina na nenosiri unaloandika hupelekwa kwa MySQL, na MySQL ndiyo inayokubali au kukataa. Huo ni uamuzi mzuri wa kiufundi. Mianya ya kuingilia iliyozungumzwa sana imetokea kwenye vizuizi ambavyo phpMyAdmin inajiongezea juu ya hapo, na vizuizi hivyo ndivyo wasimamizi wengi wanavyovitegemea kupita kiasi.

Chukua AllowRoot. Ukiiandika false kwenye config.inc.php (faili ya mipangilio), root, yaani msimamizi mkuu wa hifadhidata, hapaswi kuingia hata akiwa na nenosiri sahihi. Mwaka 2016 ilibainika (CVE-2016-9849; CVE ni namba ya orodha ya mianya ya usalama) kwamba baiti sifuri, yaani herufi isiyoonekana yenye thamani 0, ikiwekwa kwenye jina la mtumiaji, kizuizi hicho kinarukwa, pamoja na kanuni za kukataa watumiaji kwa majina. Kwa PHP, lugha ambayo phpMyAdmin imeandikwa, "root" yenye baiti sifuri mkiani si neno moja na "root", kwa hiyo ukaguzi unaipitisha. Programu zilizoandikwa kwa C huichukulia baiti hiyo kuwa mwisho wa neno, na kinachobaki kusomeka ni root. Mvamizi bado alihitaji nenosiri, lakini aliyedhani amemfungia root nje alikuwa hajamfungia. Tundu lilizibwa kwenye 4.6.5, 4.4.15.9 na 4.0.10.18.

AllowNoPassword ilikuwa na kasoro ya aina hiyohiyo (CVE-2017-18264). Kwa kawaida imewekwa false, yaani akaunti isiyo na nenosiri isiingie. Lakini kwenye PHP 5, substr (amri ya kukata sehemu ya neno) ikipewa neno tupu ilirudisha false badala ya neno tupu. Ukaguzi ulitafuta neno tupu, haukuliona, ukafungua mlango. Ukiwa na akaunti moja ya majaribio iliyosahaulika bila nenosiri, ilitosha.

Uthibitishaji wa hatua mbili, uliokuja na toleo 4.8.0, nao ulikutwa na udhaifu: mtumiaji aliyekwisha kuingia aliweza kuichezea akaunti yake ili safari zijazo asiulizwe hatua ya pili (CVE-2022-23807, ikarekebishwa kwenye 4.9.8 na 5.1.2). Na hata ukifanya kazi ipasavyo, unalinda ukurasa wa phpMyAdmin tu. Kama mlango wa mtandao (port) 3306 wa MySQL uko wazi kwa intaneti, mwenye nenosiri ataunganisha moja kwa moja bila kuuona ukurasa huo kabisa.

Mpangilio unaotutia wasiwasi kuliko yote ni AllowArbitraryServer. Ikiwa true, anayeingia anachagua seva ya MySQL ya kuunganisha. Mvamizi anaandika anwani ya seva yake mwenyewe, ambayo nenosiri lake analijua, na papo hapo amekuwa mtumiaji halali ndani ya phpMyAdmin yako. Ndivyo CVE-2018-12613 ya matoleo 4.8.0 na 4.8.1, iliyohitaji mtu awe ameingia, ilivyogeuka kuwa tundu la yeyote. ServerDefault ikiwa 0 (hakuna seva iliyochaguliwa mapema) ilikuwa mbaya zaidi, kwani hakuhitajika kuingia kabisa. Kwenye Docker (mfumo wa kuendesha programu ndani ya vifurushi), PMA_ARBITRARY=1 inawasha mpangilio huohuo; iondoe kama hujui kwa nini ipo.

XAMPP, kifurushi chenye seva ya wavuti Apache, PHP na MariaDB, haihitaji hata mwanya: inakuja na auth_type (njia ya kuingia) ya 'config', yaani jina na nenosiri husomwa kwenye mipangilio: root, bila nenosiri. Kwenye kompyuta yako ya kujifunzia haina shida kwa sababu `Require local` inazuia wa nje. Hatari huanza mtu anapoibadilisha kuwa `Require all granted` (ruhusu wote) ili aone kazi yake kwenye simu.

Tunapendekeza kufuli kuu iwe kwenye Apache, kabla PHP haijaguswa. Weka `Require local` kwenye sehemu ya `<Directory /usr/share/phpmyadmin>`, halafu ingia kupitia SSH (muunganisho salama wa mbali): `ssh -L 8888:127.0.0.1:80 mtumiaji@seva`, kisha fungua localhost:8888/phpmyadmin. Tahadhari: kama kuna proksi (seva inayopokea maombi na kuyapeleka mbele) kwenye mashine hiyohiyo, maombi yote yataonekana yametoka 127.0.0.1 na kufuli itamfungulia kila mtu. Ukichagua nenosiri la Apache badala yake, tumia htpasswd (zana ya kuunda faili ya manenosiri), na `-c` iwe mara ya kwanza tu, kwani mara ya pili inafuta waliomo. Usilichanganye na auth_type ya 'http' (dirisha la kuingia la kivinjari). Zote mbili zinagombania kichwa kimoja cha Authorization, na utazunguka kwenye kuingia bila kufika. Tumia 'cookie' (fomu ya kuingia ya phpMyAdmin yenyewe).

Kwa 'cookie' unahitaji blowfish_secret (ufunguo wa kusimba vidakuzi) ya baiti 32. Toa herufi 64 kwa `openssl rand -hex 32`, kisha uziweke ndani ya `sodium_hex2bin('...')`. Sentensi ya kujitungia haitoshi.

Ndani ya MySQL, tafuta akaunti tupu: `SELECT user, host, plugin FROM mysql.user WHERE authentication_string = '';`. Usiogope ukimkuta root wa Ubuntu mwenye auth_socket. Huyo anatambuliwa kwa akaunti ya mfumo, si kwa nenosiri. Ndiyo sababu pia phpMyAdmin humkatalia. Maelekezo mengi husema umbadilishie root plugin (njia ya uthibitishaji) ili aingie, na hayo ni maelekezo mabaya. Unda mtumiaji wa hifadhidata moja, mwenye SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE tu, na umwache root alipo.

Adminer ni mbadala mwepesi, faili moja tu, na tangu 4.6.3 inakataa kuingia bila nenosiri. Lakini nayo huruhusu kuandika anwani ya seva yoyote, na hadi 4.6.2 seva ya mvamizi iliweza kuitumia kusoma faili za mwenye tovuti. Wepesi wake pia huwafanya watu waiache kwenye folda ya tovuti baada ya kazi. Ukiitumia, ifute siku hiyohiyo.