Wapambaji wawili, uso mmoja: uzoefu wangu

Picha za kicheni pati yangu sijamwonyesha mtu mpaka leo. Shingo ni yangu, mikono ni yangu, lakini uso ni wa mtu aliyeinamia gunia la unga wa ngano akapiga chafya. Shangazi yangu mmoja, ambaye hajui kunong'ona, alisema ukumbi mzima ukasikia: "Huyu mbona Fanta usoni, Koka shingoni?"

Nilijitakia. Mpambaji yule aliyenipaka mekapu nilimpata Instagram. Nilikesha kwenye ukurasa wake siku tatu, kila bibi harusi ngozi laini kama yai la kuchemsha, wala sikujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja mwenye kinyweleo. Kumbe filta. Nikatuma shilingi 80,000, Jumamosi asubuhi nikafika saluni kwake, nikakuta wenzangu wanne kwenye foleni na sponji moja inatuzungukia wote. Hapo hapo ningeinuka. Sikuinuka, niliona aibu.

Chini ya taa za saluni nilijiona malkia. Alikuwa amenipaka fondesheni inayoizidi rangi yangu kwa weupe, "ili ung'ae, dada", akamalizia na poda nyeupe bila huruma. Baadaye ndiyo nikaelezwa kilichotokea: poda nyingi za kumalizia zina silika, na baadhi ya krimu za kukinga jua zina titani dioksaidi. Kwenye kioo huoni kitu, lakini flashi ikipiga zinairudishia kamera mwanga mwingi. Ndiyo ile chokaa ya kwenye picha.

Wa pili, wa harusi yenyewe, sikumtafuta kwa picha. Kazini kwetu kuna dada wa kaunta aliyeolewa mwaka jana, nami nilikuwepo. Saa nne usiku, ukumbi unatokota, alikuwa anacheza kwaito na uso wake uko vilevile ulivyotoka kanisani. Nikamwomba namba ya aliyempamba.

Huyu kabla ya kutaja bei alinihoji kama nesi wa zamu. Ngozi ya mafuta au kavu? Unatumia mkorogo? (Aliuliza waziwazi, maana mwenye mkorogo uso na vidole haviongei lugha moja, na lazima ajue afuate kipi.) Misa saa ngapi? Picha za nje au za ndani? Kuna kitu kimewahi kukuwasha? Nikamwambia gundi ya kope iliwahi kunivimbisha macho. Akasema gundi nyingi zina lateksi, atakuja na isiyo nayo. Siku ya jaribio alinipaka tone nyuma ya sikio, akaniambia nilale nalo.

Jaribio lenyewe ndilo nililolipia pesa, ukiniuliza mimi. Alikuja nyumbani Tabata wiki tatu kabla. Fondesheni hakuipima mgongoni mwa mkono, aliishusha kutoka kwenye taya hadi shingoni, akachanganya mbili mpaka mstari ukapotea. Akanitoa barazani nijitazame juani. Akanirudisha ndani, akafunga mapazia, akanipiga picha kwa flashi ya simu. Halafu akasema, "Sasa nenda kwenye shughuli zako, jioni nitumie picha." Nikapanda daladala kwenda Kariakoo kuchukua viatu. Mekapu iliyopita Kariakoo mwezi wa pili saa saba mchana, kanisani ni mapumziko. Jioni pua ilikuwa inang'aa kidogo, akabadilisha praima, ile krimu inayotangulia fondesheni, ya pua peke yake.

Boksi lake pia lilinifungua macho. Zamani wapambaji walikuwa na kisingizio, fondesheni za madukani ziliishia rangi ya chai ya maziwa. Tangu Fenty Beauty iingie sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, na kampuni nyingine zikafuata, kisingizio hicho kimekwisha. Ukikuta chupa tatu tu, zote za rangi ya biskuti, aga vizuri uondoke. Huyu alikuwa na nyingi, brashi zimeoshwa, na lipstiki alikuwa akiikwangua kwa kijiti kwanza, haigusi mdomo wa mtu.

Siku ya harusi alichelewa dakika 40. Foleni ya Buguruni naijua, lakini na yeye anaijua, angeamka mapema. Nilikuwa nimeshaanza kununa. Saa nne umeme ukakatika. Hakusema neno, alisogeza kiti changu dirishani, akatoa feni ya betri kwenye mkoba, akaendelea. Kununa kukaisha.

Kisha mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mimi usinijaze vitu, nitafanana na kinyago."

Alimpaka kidogo sana, poda karibu hakuna, kwa sababu inakwenda kukaa kwenye mikunjo na kumzeesha mtu. Mama alijitazama kimya kwa muda, kisha akaagiza aletewe kilemba kingine. Alilala na ile mekapu. Msimwige, ngozi inahitaji kuoshwa.

Mimi nililia wakati baba ananikabidhi, tena kile kilio cha kamasi. Wanja haukushuka. Saa tatu usiku kope ya kushoto ilianza kuinuka pembeni, na hapo nikagundua alikuwa amemwachia matroni kifurushi: gundi, karatasi za kunyonya mafuta, lipstiki kidogo kwenye kikopo. Tulimaliza kazi hiyo kwenye choo cha ukumbi ndani ya dakika mbili.

Malalamiko yangu ni pesa. Tulikubaliana 300,000 pamoja na jaribio. Nimeshavaa shela ndipo naambiwa nauli 30,000 na mama 50,000. Bei yenyewe naona ni halali, ningelipa bila kinyongo kama ingetajwa mwanzo. Lakini kudaiwa ukiwa na shela kichwani, gari liko nje linapiga honi, ni kutekwa. Na ile lipstiki nyekundu alinishinda kwa maneno, mimi nilitaka kahawia, na nikitazama picha bado nataka kahawia.

Kuivua nako kuna kazi yake. Sabuni haikufua dafu. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyoitoa, na gundi ya kope ikaachia yenyewe bila kuvuta.

Mdogo wangu ana sendofu Desemba. Nimeshatuma advansi ya 100,000 kwa mpambaji yuleyule, na safari hii nauli imeandikwa kwenye WhatsApp kabisa. Mama naye ameuliza mara mbili kama jina lake limo.