BLR3 ya Tervuren: tumeipima kwa neno "nyoka"

Mwenye kutaka kujua neno la Kibantu limetoka wapi, mlango wa kwanza ni BLR3, hifadhidata ya mtandaoni ya Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji. Haina malipo. Toleo hili ni la mwaka 2003, na limekusanya maumbo ya kale ya maneno yapatayo 10,000.

Usianze kwa kuandika neno kama linavyotamkwa Mombasa au Dodoma. Mashina yamewekwa bila kiambishi cha ngeli, kwa hiyo kivue kwanza. Kwa nyoka, Kiswahili chenyewe kinakusaidia: ukimkuza anakuwa joka, ukimdunisha anakuwa kijoka, kama nyumba inavyozaa jumba na kijumba. Ile "ny" ya mwanzo ni kiambishi kilichogandana na shina. Ukikwama, tafuta kwa maana, ila ni kwa Kifaransa au Kiingereza tu, Kiswahili hakimo. Kwa chombo kinachohusu lugha zetu, hiyo ni dosari ya kukera.

Utakachokipata ni *-jókà, ngeli ya 9/10, yaani I-ZI ya shuleni, umoja na wingi. Kinyota maana yake umbo limekisiwa kwa kulinganisha lugha, halijakutwa limeandikwa popote. Alama juu ya irabu ni toni, juu kisha chini, kitu ambacho Kiswahili sanifu kimekipoteza. Namba za ngeli huwababaisha wanafunzi, maana sisi husema "nyoka huyu, nyoka hawa", upatanisho wa 1/2, yaani A-WA. Hifadhidata inahesabu umbo la nomino, haiangalii uhai wa mnyama.

Utamu uko kwenye kulinganisha, na hapo kazi ni yako. Kishona nyoka, Kizulu inyoka, Kikuyu njoka, Kinyarwanda na Kirundi inzoka. Sasa tazama maana. Kinyarwanda inzoka ni nyoka, lakini inzoka zo mu nda ni minyoo ya tumboni. Waganda wamekwenda mbali zaidi: nyoka kwao ni omusota, na enjoka imebaki kwa minyoo. Shina ni lile lile, ila nyoka mwenyewe amehama. Ukisoma tafsiri ya neno moja moja na kufunga ukurasa, haya yote yanakupita.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kufananisha sauti. Mitandaoni utaambiwa nyoka ameitwa hivyo kwa kuwa "hunyooka". Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na aliyezoea kazi hii hushtuka akiona maelezo matamu kiasi hicho. Kitenzi kina "o" mbili, nomino ina moja. Kisha vuka hadi Kigali: kunyooka huko ni kugororoka, na nyoka ni inzoka. Kufanana kote kumeyeyuka, wakati shina la nyoka liko pale pale.

Kwa mwalimu, mtunzi wa kamusi au mwanafunzi wa isimu, tunaipendekeza bila kusita. Msomaji wa kawaida atachoka mapema, hasa na herufi za maeneo, A hadi S, zinazoonyesha shina limepatikana wapi. Kiswahili kiko G, namba G42 katika mpangilio wa Guthrie, mwanaisimu aliyezigawa lugha za Kibantu kwa maeneo. Iandike pembeni ya daftari kabla hujafungua ukurasa, na uwe na kamusi ya Kinyarwanda au Kiganda karibu.