Kiungio cha kuvutia karavani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Watu wengi hununua kiungio cha tela kwa kuangalia namba moja tu: gari linavuta kilo ngapi. Muuzaji naye huanzia hapo hapo, maana ni namba kubwa na inapendeza kuitaja. Lakini karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, si mzigo wa kawaida. Ni ndefu, ina kuta pana za kupigwa na upepo, na wewe mwenyewe ndiye unayeijaza vyombo, maji na mitungi ya gesi. Ama itakufuata kwa utulivu, ama itayumba kila lori likikupita, na kinachoamua zaidi ni uzito unaokandamiza pale mbele, kwenye pua ya karavani. Namba hiyo ndiyo ya kuitafuta kabla hujatoa pesa.

Pua ina kilo ngapi?

Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani ikiwa imeshapakiwa. Karavani ya kilo 1,500, basi, inaliangushia gari kilo 150 hadi 225. Ulaya hesabu ni ndogo: kwa kawaida asilimia 5 hadi 7, na magari mengi ya familia yana kikomo cha kilo 75 hadi 100. Hakuna upande uliokosea. Karavani za Ulaya kwa kawaida ni nyepesi, ekseli zake ziko karibu na katikati, na mwendo wa kuvuta huko ni wa chini zaidi. Balaa huja ukichanganya, yaani karavani iliyoundwa kwa pua nzito ukaifunga kwenye gari linaloruhusu kilo 75. Ukisogeza mizigo nyuma ili pua ipungue, inayumba. Ukiiacha ilivyo, umevuka kikomo cha gari. Hapo hakuna kiungio cha kukuokoa. Badilisha karavani au gari.

Kuna mtego mwingine ambao hauandikwi kwenye matangazo. Kilo za pua huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Watu wanne wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 300, mabegi 80, pua 150. Tayari uko kwenye 530, na kiungio chenyewe bado hujakipima. Magari mengi yanayojisifu kuvuta tani mbili huishiwa nafasi ya mzigo kabla hayajafika kwenye hizo tani mbili. Kikomo hicho kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari.

Kupima pua hakuhitaji duka. Pakia karavani kama unavyosafiri, iwe sawa chini, magurudumu yazuiwe. Pua ikiwa nyepesi, iegemeze juu ya kipande cha mbao kilichosimama kwenye mizani ya bafuni. Ikiwa nzito kuliko mizani inavyoweza kusoma, laza ubao mgumu: upande mmoja uegemee bomba lililo sentimita 30 kutoka pua, upande wa pili ukae juu ya mizani iliyo sentimita 60 kutoka pua. Zidisha kinachosomeka mara tatu, na kabla ya hapo toa uzito ambao mizani ilionyesha ikiwa na ubao peke yake. Hakikisha pua iko kwenye kimo kile kile itakachokuwa nacho ikivutwa, vinginevyo utapata namba ya kujidanganya.

Nafasi ya kwanza: kiungio chenye tundu la mraba

Hiki hufungwa kwa bolti kwenye chesisi, na nyuma kina tundu unapoingiza mkono wenye tufe, ule mpira wa chuma ambao kikombe cha pua ya karavani hukaa juu yake. Kama gari lako linakikubali, nunua hiki. Sababu kubwa ni kimo. Karavani inatakiwa ikae sawa, na kwa kiungio hiki unabadilisha mkono tu, wa kushuka au wa kupanda, bila kugusa kitu kingine.

Matundu hupimwa kwa inchi: 1¼ kwa magari madogo, 2 kwa mengi ya kuvutia karavani, 2½ kwa pikapu nzito. Kwa madaraja ya Marekani, daraja la kwanza huishia pauni 2,000 (kilo 907), la pili pauni 3,500 (kilo 1,588), na la tatu hufika hadi pauni 8,000 (kilo 3,629). Ila daraja kubwa haliliongezei gari nguvu. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala, iwe ya gari, kiungio, mkono, tufe au karavani yenyewe.

Ubora mwingine: kinapokea mfumo wa kugawa uzito, ule wenye vyuma viwili vya springi vinavyokazwa kwenda kwenye fremu ya karavani. Pua nzito hushusha nyuma ya gari na kuinua mbele, taa zikamulika juu na usukani ukawa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Vyuma hivyo vinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye magurudumu ya karavani. Pima kimo cha madigadi ya mbele mara tatu: gari likiwa peke yake, karavani ikiwa imefungwa, na vyuma vikiwa vimekazwa. Ule mwinuko wa mbele unapaswa kupungua kwa nusu au zaidi, kadiri kitabu cha gari kinavyotaka. Soma kitabu hicho kabla ya kununua, kwani baadhi ya watengenezaji wa magari hawaruhusu mfumo huu kabisa.

Ya pili: shingo ya kuchomoa

Kwa gari la Ulaya na karavani nyepesi, hii ndiyo chaguo langu. Shingo iliyopinda yenye tufe la milimita 50 hufungwa kwa ufunguo na kuchomolewa safari ikiisha, hivyo haikugongi goti wala haivurugi vihisi vya kurudi nyuma. Bei iko juu, na tundu lake likiachwa wazi hujaa tope. Weka kifuniko chake kila mara.

Kwenye kibao chake utaona thamani ya D kwa kilonyutoni, yaani nguvu ya kuvutana kati ya gari na karavani ambayo kiungio kinaweza kuhimili. Zidisha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari kwa ule wa karavani, kwa tani, gawanya kwa jumla yao, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2 na karavani ya tani 1.5 zinahitaji takriban 8.4. Kibao kikisoma chini ya hapo, kirudishe.

Ya tatu: kisichotoka

Ni imara, ni cha bei nafuu, na hakina cha kuharibika. Nimekiweka chini kwa sababu kimo chake mara nyingi hakibadiliki na kinajitokeza nyuma mwaka mzima. Asiyejali hayo akipandishe nafasi moja, sitabishana naye. Angalia tu kama karavani yako ina kiungio cha kuzuia kuyumba kinachobana tufe kwa pedi za msuguano. Aina hiyo inahitaji tufe lenye shingo ndefu na lisilo na grisi wala rangi hata kidogo.

Ya nne: kinachojificha kwa umeme

Unabonyeza kitufe, kinatoka chini ya bampa. Kizuri, ghali, na kina mota inayoishi kwenye maji na vumbi. Kikija na gari kutoka kiwandani, sawa. Kukitafutia pesa baadaye ni anasa.

Ya mwisho: tufe kwenye bampa

Kwa karavani, usinunue. Kuna bampa za chuma za pikapu zilizopewa kikomo chake na kiwanda, lakini bampa ya gari dogo haikutengenezwa kuvuta kitu.

Kiungio kinachokaa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli, sijakipanga hapa. Kwa karavani kubwa hutulia kuliko vyote, ila lazima karavani yenyewe iwe imeundwa hivyo.

Tufe, waya na breki

Tufe la Ulaya ni milimita 50. La inchi 2 ni milimita 50.8. Kwa macho hayatofautiki, na kikombe cha inchi 2 kitakaa juu ya tufe la 50 kana kwamba kila kitu ni sawa, hadi barabara mbovu ikirushe. Soma namba iliyochongwa juu ya tufe na iliyo kwenye kikombe. Tufe la 50 lililolika chini ya 49 libadilishwe.

Kwenye waya, usibane pesa. Soketi ya pini 4 inawasha taa tu. Karavani inataka pini 7 au 13, kulingana na ilikotengenezwa. Gari la kisasa likiunganishwa kwa seti iliyotengenezwa kwa ajili yake hutambua kuwa linavuta tela. Ukikata na kugandisha waya za taa, kompyuta inaweza kulalamika au fyuzi zikaungua. Karavani yenye breki za umeme inahitaji pia kidhibiti ndani ya gari. Chukua kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, si kile kinachobana kwa muda uliopangwa tu. Breki za kusukumwa, yaani zinazobana zenyewe karavani inapolisukuma gari linalopunguza mwendo, zimezoeleka Ulaya na hazihitaji kidhibiti hicho.

Kiungio kilichotumika kinaweza kufaa ikiwa kibao cha mtengenezaji bado kinasomeka na hakuna alama ya kupinda wala ya kuchomelewa upya. Bolti nunua mpya, za daraja lililoandikwa kwenye maelekezo, na fundi azikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Baada ya safari ya kwanza, azikague tena.