Semina ya idara au tafrija ya jioni, uende wapi?

Kama uko idara ya uchumi na muda umebana, mi nasema semina kwanza. Kwenye fani nyingi mzungumzaji anaachwa amalize ndo aulizwe, ila wachumi hawanaga huo muda, slaidi ya pili tu mkono uko juu, "hiki kimesababisha kile kweli, au vinaenda pamoja tu?", na hapo ndo unaona hoja inavyobomolewa na inavyotetewa, kitu ambacho kitabu hakikupi kabisa. Chuo Kikuu cha Chicago enzi za mchumi Milton Friedman watu walitakiwa waje wameshasoma makala, kwa hiyo muda mwingi ulikuwa wa maswali. Ubaya wake mwanafunzi mpya anaogopa kuuliza, anaondoka na swali lake.

Hapo sasa ndo tafrija inaizidi semina. Profesa akiwa kasimama na kikombe mkononi anakuelezea data aliipata vipi, regresheni gani (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine) ilimgomea mpaka akabadili swali zima, na hayo kwenye makala huyakuti. Ila kama semina hukuingia utaanzia wapi kuongea nae? Ukibanwa kweli ingia semina, halafu baki hata dakika 10 pale mlangoni.