Vitabu ninavyoazimisha kibandani, na vinavyorudi vikiwa vimesomwa

Kwanza niseme napimaje, maana kila anayependekeza kitabu ana mizani yake. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko Chikongola, Mtwara mjini. Rafu iliyokuwa ya chaja na kava za simu siku hizi imejaa vitabu. Anayesubiri floti, anayesubiri mtandao urudi, au anayesubiri tu jua lipungue, hunyoosha mkono akachukua kimoja. Kikimnasa anaondoka nacho, nami namwandika kwenye daftari. Huwa simuulizi mtu kitabu amekionaje. Watu wa kwetu wana haya, atakwambia kizuri hata kama hakukifungua. Natazama mambo mawili: kurasa za nyuma zimeshikwashikwa au bado zimegandana, na je, mwenyewe kaulizia kingine? Kwa hiyo maoni haya nusu ni yangu, nusu ni ya daftari.

Daftari linampenda Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya, kuliko wote. Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla kilichapwa mwaka 1960, na hadi leo nikimpa dereva wa bodaboda ambaye mara ya mwisho kushika kitabu alikuwa kidato cha nne, anarudi. Kuna maiti kwenye mzimu, mahali pa matambiko, kuna watu wanaoamini kwamba wafu ndio wenye mkono wao, na kuna Bwana Msa na kiko chake, hasadiki neno hata moja mpaka aone. Hapo ndipo kinapowapata watu wa huku. Nani kati yetu hajaonyeshwa mti usiokatwa? Msomaji anaingia akiwa upande wa mzimu, katikati anabishana na Najum, mwenzake Bwana Msa, anatoka akiwa upande wa Bwana Msa, na wengine hawataki kukiri kwamba walihama. Anayerudi nampa Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Kasoro ipo: Kiswahili ni cha Unguja ya zamani, kijana anakwama njiani. Nimeandika maana za maneno machache kwa penseli ndani ya jalada. Tena Bwana Msa ana maneno mengi. Akishamjua mwenye kosa anaeleza mpaka chai inapoa. Mimi napenda hivyo. Vijana wengi hawapendi.

Wasiopenda maelezo nawapa Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona, ambacho kinahusu siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, kwa huku Mtwara si hadithi ya mbali. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Nachingwea palikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji; wazee wanaoikumbuka miaka ile bado wapo. Nina mzee mmoja, namwita mjomba, anasoma Willy Gamba akicheka peke yake pale anapoona jasusi anakunywa na kuvaa vizuri namna ile. Anasema wapiganaji aliowaona yeye walikuwa wanatembea kwa miguu na njaa yao. Langu ni jingine: wanawake wa riwaya hizi wengi wao ni mitego au zawadi. Nimewahi kumwambia hivyo msichana aliyekuja kukiazima, akasema anajua, ila anataka kujua nani kaiba. Nikampa.

Kuli cha Adam Shafi nilikinunua nikiwa na watu fulani akilini. Msimu wa korosho meli zikiwepo, wabeba mizigo wa bandarini wanapita kwangu jioni kutuma hela nyumbani, Newala, Tandahimba, wengine mbali zaidi. Kitabu kimetoka 1979 na kinasimulia makuli wa bandari ya Unguja enzi za mkoloni: Rashidi, umaskini wa nyumbani kwao, kazi inayomla mtu mgongo, na mwisho wafanyakazi kushikana na kugoma. Unguja kweli makuli waligoma mwaka 1948. Niliogopa wangeona nawasimanga. Kikaenda kwa mmoja, akampa mwenzake bila kuniambia, mwenzake akampa mwingine, kikanirudia jalada limeng'oka na kurasa zina vumbi la magunia. Hakuna kitabu changu kilichochakaa vile, na kwa kipimo changu hicho ni cheti. Walichobishania hakikuwa ukoloni. Walibishania kama mgomo ule ungewezekana leo, wakati mtu anachukuliwa kazi asubuhi na jioni hana kazi.

Vuta N'kuvute cha huyohuyo Adam Shafi (1999) ndicho ninachokipenda zaidi mimi binafsi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anakimbia ndoa, anaangukia kwa Mwajuma, anampenda Denge ambaye polisi wa mkoloni hawamwachi apumue. Filamu yake ilitoka 2021, na baadhi ya wateja wanakiulizia kwa sababu ya filamu. Nawaambia filamu ni nzuri ila Mwajuma wa kitabuni ana nafasi kubwa zaidi ya kucheka na kutucheka. Soma kwa ajili ya Mwajuma.

Sasa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa. Ukisema hivyo tu, kinaazimwa siku hiyohiyo. Zakaria baba mlevi, mkali kwa mabinti kuliko kwa chupa, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa akishatoka chini ya macho ya baba na kufika chuoni, hana anachokijua kuhusu wanaume ila kuwaogopa, kisha hata hofu hiyo inamwisha. Nilidhani kingewapata wasichana. Kimewapata mama zao. Mama mmoja anayeuza chakula jirani yangu alikisoma usiku, asubuhi akaja na hukumu yake akiwa bado na mwiko mkononi: "Huyu mtoto hakuchezwa, kafungiwa tu." Kwa wasio wa huku: kuchezwa ni kupitishwa unyago, kukaa na makungwi ukafundishwa mwili wako na mambo ya ndoa. Tukabishana sana pale. Mimi nikasema unyago wenyewe siku hizi wanapelekwa watoto wadogo mno, wakitoka huko shule inawashinda. Yeye akasema kufundishwa mapema si sawa na kuachwa gizani kama Rosa. Wateja wakasimama foleni, pesa hazitoki. Sijakutana na kitabu kingine kilichosimamisha biashara yangu namna hiyo, na kinasimulia watu wa Ukerewe, huko ziwani, upande wa pili wa nchi. Onyo moja: mwisho wake ni mzito, una kifo cha kujitakia. Anayepitia shida nyumbani simpi, namtafutia kingine.

Nagona cha Kezilahabi huyohuyo, chembamba, kinadanganya kwa wembamba wake. Kila aliyekichukua amekirudisha kikiwa kipya kabisa. Ni cha kusoma ukiwa umetulia, si cha kaunta.

Nije kwenye vitabu vya nyumbani, maana hapa nina la kusema. Ukimuuliza mtu wa Mtwara au Lindi kama kuna kitabu kinachomhusu, atataja cha mtihani kisha atanyamaza. Wakati tamthiliya ya Kinjeketile imekuwepo tangu 1969. Ebrahim Hussein mwenyewe ni mzaliwa wa mkoa wa Lindi, na Vita vya Maji Maji anavyoviandika vilianzia Nandete, milima ya Umatumbi, Kilwa, Julai 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba. Liwale boma lilichomwa mwezi uliofuata. Haya ni majina ya vituo vya mabasi yetu. Tamthiliya yenyewe haimpambi shujaa. Kinjeketile analeta maji ya kuwakinga watu na risasi, anawaunganisha watu, kisha anaanza kuwa na wasiwasi na lile alilolisema, anataka wangoje mpaka makabila yote yawe pamoja, na hakuna wa kumsikiliza tena. Neno limeshatoka mikononi mwake. Na mwishoni, Wajerumani wakimtaka aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa imani yake ilishatikisika. Anawafikiria watakaozaliwa baadaye, watasema wazee wao walipigania uongo.

Tamthiliya ukiisoma peke yako kimyakimya unaikosea haki. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, alikuja na wazo la kuigawana kijiweni Jumapili. Bodaboda wakachukua nafasi za wapiganaji, fundi cherehani akawa Kinjeketile, sauti yake nzito kama ya muadhini, na kijana anayeuza vocha akapewa kuwa askari wa Kijerumani, akakataa, mpaka akabembelezwa. Hawakuimaliza siku hiyo kwa sababu ya mabishano kuhusu nani alikuwa na haki, Kinjeketile aliyetaka kungoja au wale waliotaka kuanza. Mzee mmoja wa Kilwa aliyekuwa anapita alisimama, akasikiliza, akasema kwao walihadithiwa tofauti, akakaa.

Anayetaka kwenda mbele zaidi amtafute Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, na Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ulichapwa 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Dukani hutaupata, mimi nina kopi ya kudurufu ambayo wino unafifia, na simwazimi mtu. Anayeutaka anakaa kwenye benchi anausoma hapohapo. Inaudhi kwamba utenzi wa Lindi mtu wa Lindi ausome kwenye kopi ya kopi.

Peponi cha Abdulrazak Gurnah kilikuja rafuni kwa sifa ya Nobel ya 2021. Kiingereza chake ni cha 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota. Tafsiri tamu, msomaji hahisi kama mtu amebebeshwa lugha ya kigeni. Yusuf anatolewa kwao akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, anadhani anakwenda kukaa kwa mjomba, kumbe baba yake ana deni kwa tajiri Aziz na yeye ndiye rehani. Mimi nikiwa wakala wa pesa nawaona wanaokuja na mikopo ya simu, mkopo wa kulipa mkopo. Dada mmoja wa kikoba alikisoma, akaniambia kwamba sehemu ya misafara ya bara aliipitia haraka, lakini ile ya deni aliisoma mara mbili. Mimi misafara ndiyo iliyonikalisha macho. Kila mmoja na deni lake.

Kwa wasifu, wazee wanataka Mkapa, ambaye ni wa kwao, Lupaso, Masasi. My Life, My Purpose kilitoka 2019, miezi michache kabla hajafariki Julai 2020. Nakala yangu ni ya Kiingereza, basi wazee wananiomba niwasomee nikitafsiri, nami nafanya biashara huku nikikwama kwenye sentensi. Walitaka kwanza mambo ya ubinafsishaji, maana kati yao wapo waliofanya kazi kwenye viwanda vya korosho vilivyogeuka maghala. Hawakuridhika. Walipofika mauaji ya Januari 2001 kule Zanzibar, jambo ambalo mwenyewe anasema lilimuumiza katika uongozi wake, walinyamaza, kisha mmoja akasema angalau kaandika. Mzee Rukhsa cha Mwinyi (2021) kiko kwa Kiswahili, hakinihitaji mimi, kinajiazima chenyewe.

Watoto nawapa Dinosaria wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa huko Tendaguru, ndani ya Lindi, wabebaji wakaishusha hadi bandarini kwa vichwa na mabega, na mnyama mmojawapo leo amesimama makumbusho ya Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Watoto wanauliza swali lilelile kila mara: kwa nini asirudishwe? Sina jibu la kuwapa kibandani.

Kinachoulizwa kuliko vyote, lakini, ni vitabu vya kutajirika. Ninavyo vichache, vilivyotafsiriwa vibaya mno, sentensi hazina kichwa wala miguu, na vinaondoka haraka kuliko korosho ya daraja la kwanza. Vinarudi kurasa za mwanzo zikiwa zimechakaa, za nyuma mpya.

Kuhusu kununua: maduka ya hapa mjini kwa sehemu kubwa yanauza vya kiada na vile vya ziada vya mitihani. Riwaya ninaagiza Dar, muuzaji anakabidhi mzigo kwa basi, naufuata stendi. Fungua kifurushi mbele ya kondakta kama unaweza. Nilishaletewa Vuta N'kuvute yenye kurasa zilizorudiwa mara mbili huku nyingine hazimo, na muuzaji akasema ndivyo zilivyotoka kiwandani. Toleo lililochapwa upya karatasi yake huwa nyepesi, na kwa joto na unyevu wa pwani linavimba; mimi najalidia kwa nailoni kabla halijaingia rafuni. Kwa mtu anayeanza na hela ya kitabu kimoja tu, anunue Kuli. Akiwa na hela ya viwili, aongeze Kinjeketile, nyembamba, bei yake haiumi, na atafute watu wa kuisoma nao.